Mboga Saba, Bakuli Moja

"Mwanangu, umeleta majani msibani?"

Swali hilo niliulizwa Leipzig, mashariki ya Ujerumani, Ijumaa moja ya mwisho wa Oktoba, siku mbili kabla ya saa kurudishwa nyuma. Nilikuwa mlangoni, viatu bado miguuni, bakuli kubwa la chuma limenielemea mikononi. Aliyeuliza ni mama mmoja wa Tanga ambaye sisi vijana wa huku tunamchukulia kama mzazi wetu. Shikamoo yangu hata hakuiitikia. Alifunua mfuniko akachungulia. Kabichi, karoti, bitiruti, vyote vibichi, vyote vimekatwakatwa na kukwaruzwa. Akafunika taratibu, kama mtu aliyefungua mlango wa chumba kisicho chake, kisha akanionyesha kwa kidole meza ya pembeni, karibu na dirisha, walipopanga soda na vikombe vya karatasi.

Kwenye meza kubwa kulikuwa na pilau la nyama, kuku wa kukaanga, ndizi nyama na sinia la sambusa.

Aliyefariki alikuwa kaka wa mwenzetu, amefia nyumbani, nasi tulikutana kumfariji ndugu yake na kumchangia nauli aende kuzika. Sikumjibu mama. Msibani si mahali pa kubishana. Lakini matanga yamekwisha, mfiwa amekwenda na amerudi, na mimi jibu langu bado ninalo. Nimechoka na meza ya pembeni. Ninachosema ni hiki: saladi ya mboga mbichi ni mlo. Unaweza kumwekea mgeni, unaweza kumwekea mfiwa, unaweza kumwekea mtu aliyetoka kazini na njaa ya kweli. Na sababu tunazozitoa za kuikataa, nyingi hazisimami.

Kabla sijaendelea, niseme jambo ambalo litawaudhi wa upande wa pili. Mimi si mvegani. Wavegani ni wale wasiokula chochote cha mnyama: nyama, samaki, mayai, maziwa, wala asali. Mimi kabati langu lina dagaa wa Mwanza kwenye mfuko uliofungwa mara tatu ili jirani asilalamike harufu. Pilau la siku ile nililila, tena nililirudia. Kwa hiyo usinisome kama mhubiri aliyekuja kukunyang'anya nyama. Nagombea nafasi mezani tu.

Tuanze na lugha, maana tatizo linaanzia huko. Kwa Kiswahili cha nyumbani, "mboga" ni kitu chochote kinachosindikiza ugali au wali. Mtoto akirudi shule anauliza, "Leo mboga nini?" na anaweza kujibiwa "nyama" au "dagaa", wala hakuna anayecheka. Mboga ni cheo cha msindikizaji. Mchicha, matembele, kisamvu na kabichi vimezaliwa ndani ya cheo hicho, na hatujawahi kufikiria kuvipandisha. Halafu mtaani Dar es Salaam tukaongeza msemo wetu: mtoto wa kishua tunamwita "mtoto wa mboga saba". Kwao mezani vitoweo ni saba, kwetu ni kimoja, na siku nyingine ni mchuzi wa jana.

Usiku wa Alhamisi, nilipokuwa nakwaruza na macho yananiuma kwa usingizi, nilihesabu vilivyomo bakulini: kabichi nyeupe, kabichi nyekundu, karoti, bitiruti, boga, kohlrabi na kiazi cha seleri. Saba kamili. Kwa hesabu ya mtaani nilipaswa kuingia pale msibani kama mtoto wa mboga saba. Niliingia kama mtu aliyefulia.

Hapo ndipo penye kidonda, na sitaki kujifanya sikijui. Tunachokikimbia kwenye majani si ladha. Tunakimbia umaskini. Nyumbani kwetu mchicha ukipikwa siku tatu mfululizo, hakuna aliyehitaji kuambiwa kwamba mshahara umechelewa. Mgeni akija, kuku alikimbizwa uani, hata kama ndiye aliyekuwa anataga. Nyama ni namna ya kusema "tunakuthamini" bila kufungua mdomo. Kwa hiyo mama wa Tanga alipoona kabichi hakuona chakula kibaya. Aliona dharau. Aliona kijana anayeishi Ulaya, anayelipwa kwa euro, amemletea mfiwa kitu ambacho kwao huliwa pesa zikikata.

Naelewa. Lakini kuelewa chanzo cha wazo hakulifanyi liwe sahihi. Bakuli lile lilinichukua saa mbili na nusu. Kuku wa kukaanga waliletwa kwenye maboksi kutoka dukani, vimechukua muda wa kusimama foleni. Kama thamani ya chakula ni jasho la aliyekileta, basi tulipanga meza kinyume.

Hoja inayofuata huwa ni hii: "Hayo ni mambo ya Wazungu." Huwa naisikia kutoka kwa watu wanaoshika tonge la ugali mkononi. Mahindi yalitoka Amerika. Nyanya zilitoka Amerika. Pilipili yenyewe, ambayo bila hiyo Mswahili hajioni amekula, ilivuka bahari kutoka hukohuko. Kachumbari tunayoidai kuwa yetu ina ndugu yake wa damu India, hata jina halijabadilika sana. Vyakula vyetu vyote vina pasipoti zenye mihuri mingi, na hakuna anayevidai viza isipokuwa kabichi mbichi.

Na kama tunataka kusikia habari za Wazungu, tuzisikie zote. Karibu na mwaka 1900, huko Zürich nchini Uswisi, daktari aitwaye Maximilian Bircher-Benner alianza kuwapa wagonjwa wake vyakula vibichi. Kile anachokumbukwa nacho zaidi, muesli, hakikuwa kile kikavu cha kwenye boksi. Kilikuwa hasa tofaa lililokwaruzwa, pamoja na oti kidogo iliyolowekwa, limau, karanga za miti na maziwa ya kopo. Wenzake wa udaktari walimwona amepotoka. Watu walioamini kwamba nguvu inatoka kwenye nyama walimtazama kama vile mama wa Tanga alivyonitazama mimi. Neno la Kiingereza lililotuletea "uvegani" lenyewe lilibuniwa mwaka 1944, Donald Watson na wenzake walipoanzisha chama chao Uingereza katikati ya vita. Sasa linganisha na Waethiopia na Waeritrea wa Kanisa la Othodoksi, ambao kwa karne nyingi wamefunga nyama, mayai na maziwa kila Jumatano na Ijumaa, mbali na mifungo yao mirefu. Kama kuna aliyechelewa kufika kwenye jambo hili, ni Mzungu.

Nasi je? Makande ni mahindi na maharage. Kisamvu kwa nazi na karanga hakina mnyama ndani. Mihogo ya nazi, kunde, choroko, ugali na matembele: Watanzania wengi hula chakula kisicho na mnyama siku nyingi za wiki, ila hatukipi jina. Tukikipa jina tunaona haya.

Hata ufundi wenyewe wa kukwaruza ni wetu. Nani asiyemjua mbuzi wa kukunia nazi? Bibi amekaa juu yake, miguu pembeni, kifuu kinazunguka kwenye ule ulimi wa chuma na chicha nyeupe inaangukia kwenye sinia. Pwani nzima imejengwa juu ya kukuna kitu kibichi hadi kitoe utamu wake. Kibati changu cha kukwaruzia karoti ni mjukuu wa mbuzi yule. Sababu ya kukuna ni ileile pia: kitu kigumu kikipasuliwa vipande vidogo, kinaachia maji na harufu yake, na meno yanapunguziwa kazi. Karoti nzima unaitafuna kama adhabu. Karoti iliyokwaruzwa unaila.

Tuje kwenye hoja nzito, ile ya kushiba. Hapa nakubali kwamba tumetendewa vibaya. Saladi ambayo Watanzania wengi tunaijua ni ile ya harusini: kabichi na karoti zimezamishwa kwenye mayonezi, unatiliwa kijiko kimoja kando ya wali, mpishi anakutazama kama unakula cha mwenzako. Ya pili ni ile ya hotelini: majani matatu, tango vipande vinne, nyanya moja. Mtu aliyekula hivyo akisema saladi haishibishi, anasema kweli. Ni sawa na kuonja punje kumi za mchele na kutangaza kwamba wali haushibishi.

Sasa sikiliza saladi ninayoisema mimi. Kwa watu wanne: kabichi nyeupe gramu 250, kabichi nyekundu 150, karoti 250, bitiruti 200, halafu kohlrabi, boga na kiazi cha seleri gramu 150 kila kimoja. Ongeza matofaa mawili, kama gramu 300. Jumlisha: gramu 1,600. Gawa kwa wanne: gramu 400 kwa kila mtu. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima ale angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku. Sahani moja imemaliza kazi ya siku nzima, na bado hatujagusa vinavyoshibisha.

Vinavyoshibisha ni hivi: dengu za kahawia gramu 200 zikiwa kavu, zile ambazo wengine huziita adesi, karanga zilizokaangwa gramu 100, mbegu za maboga gramu 50. Dengu huchemshwa dakika 20 hadi 25, zisivurugike, ziwe bado na umbo. Ndizo kitu pekee kinachopita motoni, ukiacha karanga. Dengu zina protini, karanga zina mafuta na protini, mboga zina nyuzinyuzi na maji, na vyote hivyo vinataka kutafunwa. Kutafuna nako ni sehemu ya kushiba. Pilau unaweza kulimeza huku unaongea. Sahani hii inakunyamazisha.

Namna ya kutengeneza si siri. Kabichi zote mbili zikate nyembamba kadiri kisu kinavyoruhusu, nyunyiza kijiko kimoja cha chai cha chumvi, kisha zikande kwa mikono dakika tatu au nne kama unakanda unga wa chapati. Chumvi inavuta maji kutoka ndani ya kabichi. Utaiona inalegea, inang'aa, inapungua kimo. Ule ugumu unaowafanya watu waseme "chakula cha mbuzi" unaishia hapo. Karoti, kohlrabi na seleri zikwaruze kwenye matundu makubwa. Boga liwe lile dogo la rangi ya machungwa wanaloliita Hokkaido, ambalo ganda lake ni laini na huliwa; likwaruze na ganda lake. Tofaa nalo usilimenye, na mara tu ukimaliza kulikwaruza limwagie maji ya ndimu, la sivyo litageuka rangi ya kutu. Bitiruti iwe ya mwisho, kwenye bakuli lake, maana ikitangulia bakuli zima litakuwa jekundu na hutajua unakula nini. Na kesho yake ukienda msalani ukaona wekundu, usikimbilie hospitali. Ni bitiruti.

Mchuzi wake: vijiko vinne vya chakula vya siagi ya karanga, maji ya ndimu mbili, kipande cha tangawizi kilichokunwa, pilipili mbichi, chumvi, na maji ya uvuguvugu ya kulainisha hadi umiminike. Changanya, acha nusu saa. Mafuta ya karanga hayapo kwa utamu peke yake. Ile rangi ya machungwa ya karoti na boga, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, hufyonzwa vizuri zaidi ikisindikizwa na mafuta. Anayekula karoti tupu kwa kujinyima anajinyima pia kile alichokifuata.

Nimesema nyingi za sababu zetu hazisimami. Sikusema zote. Kuna moja ninayoiheshimu, nayo ni ya mama zetu wanaosema kitu kibichi ni hatari. Mtu aliyepitia kipindupindu mtaani kwake hahitaji somo kutoka kwangu. Nyakati hizo tuliambiwa tuache kachumbari na matunda yaliyokatwa barabarani, na tulifanya vizuri kutii. Mboga iliyomwagiliwa maji ya mfereji mchafu haitakaswi na ndimu. Kwa hiyo pale ambapo maji hayaaminiki, pika. Mkate huu wa saladi una sharti la maji safi, na kama sharti halipo, lawama ni ya wanaopaswa kuleta maji, si ya mama anayechemsha kabichi.

Na wale wanaodai kila kitu kiliwe kibichi kwa sababu moto "unaua uhai" wa chakula, nao nina neno nao. Walete muhogo mchungu tuone. Bibi zetu waliuloweka, wakauanika, wakautwanga na kuupika kwa sababu walijua una sumu, na walijua bila maabara. Maharage mabichi nayo yanaumiza tumbo vibaya. Lazima yachemke sawasawa. Karoti iliyopikwa inaachia ile rangi yake ya vitamini A kwa urahisi kuliko mbichi, wakati kabichi iliyochemshwa na maji yake kumwagwa imepoteza sehemu kubwa ya vitamini C. Kila kitu kina hukumu yake. Na anayeacha vitu vyote vya mnyama moja kwa moja ajue kwamba vitamini B12 haipatikani kwa uhakika kwenye mimea. Atafute vidonge au vyakula vilivyoongezewa, asidanganywe na mtu mwenye picha nzuri.

Maana hao wenye picha nzuri ndio walioniharibia kesi yangu. Nenda kwenye mgahawa wa kisasa hapa mjini mwezi wa Novemba, uagize saladi ya wavegani. Utaletewa parachichi lililosafiri kutoka ng'ambo, pengine Kenya, pengine Njombe kwetu, limevuka bahari kwenye kontena la baridi. Utaletewa nyanya zenye ladha ya maji, na embe lililovunwa likiwa bado halijajua kuwa ni embe. Nje ya dirisha majani yanapukutika, ndani ya sahani ni Agosti. Bei yake ungenunua kabichi za wiki mbili. Halafu tunashangaa ndugu zetu wakisema uvegani ni ulevi wa wenye pesa.

Msimu huu kamusi zetu zinauita vuli, na huwa natabasamu. Vuli yetu ni mvua ndogo, Oktoba hadi Desemba, mchicha unachipua nyuma ya nyumba. Vuli ya huku ni ardhi kufunga duka. Lakini kabla haijafunga inatoa kila ilichokificha chini: mizizi, mabonge ya kabichi, maboga, matofaa. Vinajaa sokoni, ni vya bei nafuu, na vinakaa. Kabichi nzima inakaa wiki kadhaa mahali penye baridi bila kulalamika. Hii ndiyo saladi ya watu wenye bajeti: mwanafunzi, mama wa watoto watatu, kijana anayetuma pesa nyumbani kila tarehe ishirini na nane. Haihitaji parachichi. Ukiwa Lushoto au Mbeya, fanya hivyohivyo na vilivyopo: kabichi, karoti, bitiruti, papai bichi, boga changa, choroko badala ya dengu. Kanuni ni kula kilichopo msimu huo mahali ulipo. Anayeagiza vitu vya Leipzig akiwa Lushoto atakuwa amerudia kosa la mgahawa ule.

Turudi msibani, maana sijasema kilichotokea.

Meza kubwa ilifunguliwa kwa sala, watu wakapanga foleni. Nyuma yangu kulikuwa na vijana wawili wa Unguja. Walimwuliza mhudumu kwa sauti ya chini, "Hii nyama kachinja nani?" Mhudumu hakujua. Nyama ilichangwa na watu wanne, kutoka maduka manne. Walishukuru, wakachukua ndizi, kisha wakagundua kwamba ndizi nazo zimepikwa na nyama. Kulikuwa na jirani wa mfiwa, dada wa Kieritrea, aliyekuja na mkate wake wa pole. Ilikuwa Ijumaa, amefunga. Alikaa na glasi ya maji akisema ameshiba, kwa namna ambayo kila aliyelelewa vizuri husema ameshiba. Kulikuwa pia na mzee wetu mwenye kisukari ambaye tangu nimjue hula kwake kabla ya kuja kwenye shughuli, kwa sababu kila akija anaambiwa, "Kula tu mzee, siku moja haiui." Amechoka kueleza. Siku ile alitoka kazini moja kwa moja, hakuwa amekula.

Nilienda kwenye meza ya pembeni, nikafunua bakuli.

Sikutangaza kitu. Nilimpakulia mzee sahani, nikampelekea kwa mikono miwili. Dada wa Kieritrea aliuliza kuna nini ndani. Nikamtajia kimoja kimoja, naye akawa anatikisa kichwa kukubali hadi nilipomaliza. Hakuna maziwa? Hakuna. Siagi? Ya karanga. Akachukua sahani. Vijana wa Unguja walikuja wenyewe. Mmoja alionja mchuzi akauliza kama nina pilipili zaidi.

Sitaki kuongeza chumvi. Pilau liliisha kwanza, bakuli langu lilibaki robo. Watoto walichagua karanga wakaacha kabichi. Lakini ndani ya chumba kile chenye Wakristo, Waislamu, mfungaji mmoja na mgonjwa mmoja, kulikuwa na chakula kimoja tu ambacho kila mtu angeweza kukila bila kuuliza swali, nacho ndicho kilichowekwa karibu na soda.

Hilo ndilo ninalotaka ulifikirie utakapopanga shughuli yako. Sisi tunajisifu kwa ukarimu, na ni kweli tunao. Lakini ukarimu wetu tumeupima kwa uzito wa nyama kwa muda mrefu hadi tukasahau kuhesabu watu waliokaa na glasi za maji. Mgeni anayekaa na njaa kwa adabu huku sinia zinapita mbele yake, huyo tumemtendea nini? Ukiniambia kwamba nyama ndiyo heshima, nitakuuliza heshima ya nani. Nyama iwepo. Pilau liwepo, nami nitakuwa wa kwanza kwenye foleni. Ila bakuli la mboga lihamie meza kubwa, katikati, na liwe kubwa la kutosha mtu kujipakulia bila kuogopa kumaliza. Litengenezwe na mtu aliyetia nia, si mtu aliyekumbuka kabichi dakika ya mwisho.

Na kama wewe ndiye unayelileta, acha kuomba radhi mlangoni. Nilikuwa na maneno ya kujitetea niliyoyaandaa kwenye tramu njia nzima: kwamba sikupata muda, kwamba ni kitu kidogo tu, kwamba vingine vitakuja. Yote yalikuwa uongo. Tukiwa wa kwanza kukidharau chakula chetu, tusiwalaumu mama zetu wanaokiweka dirishani.

Bakuli lilibaki kule usiku ule, nilisahau. Wiki kadhaa baadaye mama wa Tanga alinipigia nikalichukue kwake. Nilimkuta jikoni, amevaa kanga juu ya sweta. Safari hii shikamoo aliiitikia. Nyumbani kwetu chombo cha mtu hakirudishwi kitupu, na huku Leipzig hajaiacha desturi hiyo. Nilifungua mfuniko nikitegemea vitumbua. Ndani kulikuwa na kabichi nzima, ngumu kama jiwe, na ndimu nne.

"Mzee ameulizia," alisema, akigeukia sufuria lake. "Arobaini ni Jumamosi. Ulete tena, na uje mapema ukatie hapa hapa, kisu changu ni kikali." Kisha kabla sijafika mlangoni: "Ila lile libitiruti lako liweke mbali. Limechafua vitambaa vya meza vya watu."